Viwanda Visivyo na Kibao

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, katika mkutano wetu wa mwaka, Dar es Salaam)



Nilipoombwa kusema juu ya viwanda vya mji wetu, nadhani kamati ilitazamia habari za saruji na nguo. Mimi nimefanya kazi ya maabara ya vyakula miaka 27, na viwanda ninavyovijua vizuri zaidi havina mashine wala kibao mlangoni. Nitasema juu ya pombe ya kienyeji. Naona Mwalimu Mkuu amekwisha kunitazama kwa lile jicho la walimu wakuu wote. Asiwe na wasiwasi. Wengi humu ukumbini hawagusi kilevi, wengine kwa dini, wengine kwa amri ya daktari, na ninyi wanafunzi hamruhusiwi kabisa. Sikuja kunadi pombe. Nimekuja kuieleza kazi ambayo imesomesha watu wengi wa mji huu, pamoja na huyu anayesimama mbele yenu.

Kiwanda kikubwa kila mtu anakijua. Toka Soko la Kariakoo, shika Barabara ya Uhuru kuelekea Ilala, utakikuta pale Mchikichini. Siku wanapochemsha kimea, pua hufika kabla ya macho. Asili yake ni Tanganyika Breweries ya mwaka 1933. Mwaka 1936 ikaunganishwa na wenzao wa Kenya, baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 Serikali ikaingia, mwaka 1977 ikatoka Safari Lager, na mwaka 1993 wakaja Waafrika Kusini. Historia hiyo imeandikwa, ina tarehe na picha, na mimi sina la kuiongezea.

Lakini katika mitaa inayouzunguka ukuta ule, Ilala, Buguruni na Kariakoo yenyewe ya zamani, kulikuwa na viwanda vingine vingi, kila kimoja uani kwa mtu. Dar es Salaam ni mji wa waliokuja, na kila aliyekuja alikuja na chungu chake. Mzaramo na ndugu zake wa pwani walikuwa na mnazi, ambao haupikwi. Mgema hupanda, hulikata karara la mnazi, hutega kibuyu, hurudi asubuhi na jioni, na tembo huanza kuchacha lenyewe kabla hajashuka. Wahaya walileta rubisi, ndizi zilizokanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi, kisha zikatiwa mtama uliokaangwa. Watu wa Nyanda za Juu Kusini walileta komoni ya mahindi na ulezi. Wamakonde walikuwa na uraka wa mabibo ya korosho. Wapare walikuwa na dengelua ya miwa. Ulanzi wa Iringa ulifika kwa shida, maana unaendelea kuchacha njiani, na abiria aliyewekewa dumu lake chini ya kiti hakusafiri kwa raha.

Ninayoijua tangu utoto ni mbege. Mama mdogo wangu alitoka Rombo akaja kupanga Ilala, chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Ua ule ndio ulikuwa kiwanda. Alinunua ndizi zilizoiva kupita kiasi, zile ambazo wauzaji wa sokoni wanataka ziondoke leo hii, akazimenya, akazichemsha ndani ya pipa kutwa nzima mpaka zikawa nyekundu. Kisha alizifunika akaziacha siku kadhaa. Wakati huohuo aliloweka ulezi, akautandaza chini ya gunia bichi mpaka ukaota, akauanika juani, akausaga. Huo ndio uliokuwa kimea chake. Alipika uji wa ule unga, akaupoza, akauchanganya na maji ya ndizi yaliyochujwa. Kesho yake mbege iko tayari. Keshokutwa ni ya wanaume wa shoka. Siku ya nne ni ya kumwaga.

Kuna gome moja linaitwa msesewe. Lilikuja kwa basi kutoka Moshi, limefungwa kwenye karatasi kama dawa, akalitwanga na kulichemsha na kutia kiasi. Kiasi gani? Aliweka tone ulimini, akafumba macho, akasema, "Bado," au, "Basi." Miaka mingi baadaye, nikiwa na koti jeupe, nilifundishwa kwamba Wazungu hutia maua ya hopsi katika bia ili uchungu ukate utamu. Nikamwambia. Akanijibu, "Kwa hiyo wao pia wanajua." Hakushangaa hata kidogo.

Vijana wa Kidato cha Nne, hebu tazameni ile kazi kwa macho ya somo la kemia. Nafaka inapoota hutengeneza vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Hamira ya asili, iliyomo katika ndizi na katika chombo chenyewe, huila sukari hiyo na kutoa kilevi na hewa. Bakteria fulani huongeza uchachu, na uchachu huo huwazuia wadudu wengine wabaya. Kuloweka ni siku ngapi, kuanika mpaka kukauka kiasi gani, uji upoe mpaka vuguvugu gani: akikosea hatua moja, pipa zima ni hasara, na hasara yake haikuwa na bima. Mama mdogo hakujua neno kimeng'enya. Alijua kazi yake.

Miaka ile ya 1970 shule ya sekondari haikuwa na ada, lakini sare, viatu, sanduku la bati, godoro na nauli vilitoka wapi? Vilitoka katika kata ya mbege. Wapo humu ndani wenzangu ambao nao wanajua vyao vilitoka katika chungu gani. Sitawataja, wakitaka watajitaja wenyewe wakati wa chakula. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika na bia ya chupa nayo ikawa ya kufahamiana, hata mabwana wa ofisini waliijua njia ya uani.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Tangu enzi za Waingereza, pombe ya Mwafrika ilitakiwa iuzwe kwenye vilabu vyenye kibali, ili ionekane na itozwe ushuru. Mama mdogo alikuwa na kibali, kimebandikwa ukutani. Hata hivyo, asubuhi moja walikuja watu wa ukaguzi wakamwaga mapipa matatu uani. Nilikuwa likizo. Mmoja wao aliiita ile mbege "gongo", na hapo ndipo penye kosa kubwa. Gongo ni kitu kingine. Gongo hutoneshwa kwa mvuke. Sheria inakataza mtu kuitengeneza kienyeji, na inakataza kwa haki, maana anayetonesha bila ujuzi, au anayezidisha ukali kwa kutia kemikali asizozijua, anaweza kumuuzia jirani yake methanoli, nayo methanoli hupofusha na kuua. Viroba vya plastiki navyo vilipigwa marufuku mwaka 2017, na sikumlilia mtu. Lakini kuweka mbege, komoni na gongo katika kapu moja ni uvivu wa akili. Mama mdogo alitazama ardhi ikinywa mtaji wake, kisha akaniambia, "Baba, nenda Mabibo kaulize bei ya ndizi." Alianza upya jioni ileile.

Wengine walijaribu kuiingiza kazi hii katika kiwanda. Chibuku mnaikumbuka, ya mahindi na mtama, iliyopikwa na Darbrew ya Ubungo. Inasimuliwa kwamba jina lile lilizaliwa Kitwe, Zambia, katika miaka ya 1950. Bwana mmoja Max Heinrich alikuwa akiandika maoni ya wanywaji katika daftari, na watu wakaiita pombe yake chi-buku, yaani ya kitabu. Huko Arusha, katika miaka ya 1990, Banana Investments walianza kutia kinywaji cha ndizi katika chupa. Wote hao walishika kalamu. Wanawake wa uani hawakushika, na hakuna aliyeshika kwa niaba yao.

Na ua wenyewe unakwisha. Tembeeni Mtaa wa Kongo, Sikukuu, Narung'ombe: nyumba za vyumba sita zimebomolewa, yamepanda maghorofa. Mimi si adui wa ghorofa, mwanangu ana duka katika moja. Lakini ghorofani huwezi kuwasha kuni chini ya pipa, wala kuanika ulezi. Wapishi wamesogea Buguruni, Vingunguti na mbele zaidi, na wengi ni wazee. Mama mdogo alifariki mwaka 2009. Kile kipimo chake cha msesewe kilikuwa ulimini mwake, na mimi, mwenye maabara na mizani, ninaweza kuwaeleza hatua zote lakini ladha ile siwezi kuitengeneza. Nimejaribu mara nyingi. Inatoka kitu kama mbege.

Mwaka 2016 UNESCO iliuweka utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa binadamu, na mwaka 2024 ikauweka ufundi wa Wajapani wa kutengeneza sake. Sioni kwa nini mama wa Buguruni anayeotesha ulezi chini ya gunia ahesabiwe mhalifu huku mtawa wa Ubelgiji akihesabiwa msanii.

Kwa hiyo ninaiomba Klabu ya Kemia ya shule hii ifungue daftari. Nimezungumza na akina mama wanne, mmoja wa mbege, mmoja wa rubisi na wawili wa komoni. Wamekubali kutazamwa na kuulizwa, mradi wasipigwe picha za uso na tuwalipe muda wao. Gharama hiyo nitaibeba mimi, na Ndugu Mweka Hazina akitaka kunisaidia sitagombana naye. Kupika hufanyika asubuhi, wanywaji hawajafika. Mwalimu Mkuu ameniwekea masharti matatu: kila mwanafunzi awe na barua ya mzazi, mwalimu wa kemia aongozane nao, na wote wawe wamerudi shuleni kabla ya saa sita. Nimeyakubali yote. Asiyetaka kwenda kwa sababu ya dini yake asilazimishwe, na yuko kazi nyingine ya kufanya, kupima kimea cha ulezi kitakacholetwa hapa maabara.

Tutaondoka Jumamosi saa moja asubuhi, kutoka lango kuu. Njooni na kipimajoto, mizani ndogo na viatu visivyoogopa tope. Kalamu mbili kila mtu, maana moja itaangukia kwenye pipa.