Mlima Kenya au Nyandarua: Mgeni wa Milima Aanzie Wapi?

Kaunti ya Nyeri imekaa kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Likizo zikikaribia, vijana huunda vikundi vya kupanda mlima. Wengi huchagua Mlima Kenya kwa sababu ya jina lake, na lango la Naro Moru kwa sababu ni karibu na nyumbani.

Naro Moru ndiyo njia fupi zaidi ya kufika Lenana, kilele cha mita 4,985 kisichohitaji kamba. (Batian, mita 5,199, ni cha wakwea miamba.) Lakini ufupi huo una gharama. Kutoka kambi ya Met Station, mita 3,050, hadi kambi ya Mackinder, mita 4,200, mpandaji huongeza zaidi ya mita 1,100 kwa siku moja, tena akipitia kinamasi cha mlimani kinachomeza viatu. Madaktari hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000, kila usiku asilale zaidi ya mita 500 juu ya alipolala jana. Asipozingatia hilo, kichwa huuma na chakula hakikai tumboni. Akianza kuyumba kama mlevi, au kuhema hata akiwa ameketi, ashushwe papo hapo, hata kama ni usiku wa manane. Kumwambia apumzike kwanza kunaweza kumuua. Ujana haukingi, mkimbiaji hodari huugua kama mwingine yeyote, pengine mapema zaidi kwa kuwa ana haraka.

Njia ya Sirimon, katika kaunti jirani ya Meru, ni ndefu, kavu zaidi, na hupanda taratibu. Kikundi kikilala siku mbili kambi ya Old Moses, mita 3,300, mwili hupata nafasi ya kuzoea. Si rahisi kwa Nyeri kulisifu lango la jirani, ila kwa anayelenga Lenana mara ya kwanza, Sirimon inafaa zaidi.

Naye ambaye hajawahi kupanda kabisa aanzie Satima, kilele cha mita 4,001 katika Nyandarua. Hupandwa na kushukwa siku moja, kwa hivyo hakuna kulala juu. Hatari zake ni za aina nyingine: nyati, ndovu, na ukungu unaofunika njia ghafla. Kikundi kisiende bila askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) mwenye bunduki, naye huombwa mapema.

Januari na Februari ndiyo miezi mikavu, kisha Julai hadi Septemba. Ada za kuingia hulipwa kupitia eCitizen. Langoni, kila kikundi kiandikishe majina yote na siku ya kurudi, na kijulishe askari kinaposhuka.