Fedha ya Julai, Mahitaji ya Januari: Kuweka Akiba Huku Tukilea Watoto

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika, vikundi vya akina mama na majirani waalikwa, Umwe, wilayani Rufiji.)

 

Nimepewa nusu saa kuzungumzia namna ya kubana matumizi ya familia wakati tunalea watoto. Najua mada hii huwachosha watu, kwa kuwa wamezoea kuambiwa waache hiki na kile na mtu ambaye hajawahi kuamka asubuhi bila hela ya sukari. Sikuja kumwambia mtu apunguze chakula cha mtoto. Mtoto anayekua lazima ale. Nimekuja na hoja moja tu: familia nyingi za hapa Umwe hupata fedha katika miezi ambayo watoto hawadai, na watoto hudai katika miezi ambayo fedha haipo. Tukiweza kuivusha fedha kutoka Julai hadi Januari, tutakuwa tumemaliza nusu ya kazi.

Kalenda ya kaya zetu

Tuutazame mwaka wetu. Ufuta tunavuna na kuuza katikati ya mwaka. Korosho huanza kuonekana Oktoba. Mpunga una msimu wake, na maji yakishuka bondeni tunapanda mlau. Kisha Januari shule zinafunguliwa, na wakati huo huo ndipo tunapolima na kupalilia, ghala likiwa limebaki vumbi.

Tunashukuru kwamba ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001. Kuanzia Januari 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Huu ni mzigo mkubwa uliotuliwa begani mwa mzazi. Lakini sare, viatu, madaftari, kalamu, nauli na chakula cha mchana vimebaki mikononi mwetu. Mtoto hafukuzwi kwa ada, ila anaona haya kwenda na shati lililochanika, siku ya kwanza inapita, wiki inapita. Mama akihamia dunguni kuamia ndege, mtoto anamfuata shambani. Wengine hawarudi tena darasani, na mara nyingi anayeanza kubaki ni mtoto wa kike. Hapo ndipo uzito wa mada hii ulipo.

Sasa mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo hufanya nini Januari? Anakwenda kwa mwenye fedha. Anapewa shilingi 50,000 na kuahidi ufuta ambao bado uko shambani, au korosho ambazo hata maua hazijatoa. Hii ndiyo biashara ya kangomba, ambayo Serikali imeipiga vita kwa miaka mingi, hasa msimu wa korosho wa mwaka 2018. Tuseme aliahidi kilo 40 za ufuta, na msimu ulipofika kilo moja mnadani ikawa shilingi 2,500. Kilo zile 40 zingempa shilingi 100,000. Kwa hiyo sare aliyoinunua Januari ameilipa mara mbili. Tena Julai anapata fedha pungufu, na Januari inayofuata anarudi kwa yule yule. Kila mwaka kamba inakaza zaidi. Wanaokimbilia mikopo inayoitwa kausha damu hali yao ni mbaya kuliko huyu.

Tujifunze kwa Rufiji yenyewe

Ndugu zangu, Rufiji imewahi kuifundisha dunia jambo kuhusu matumizi ya fedha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikishirikiana na shirika la IDRC la Kanada, iliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Watu walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani ameugua, nani amefariki na kwa sababu gani. Takwimu zilipopangwa, ilionekana kwamba fedha ya afya haikuwa ikifuata ugonjwa. Malaria iliondoa uhai wa wengi, lakini fungu lake katika bajeti lilikuwa dogo. Halmashauri zikapanga upya kwa kufuata ukweli huo, zikiongezewa kiasi kidogo tu kwa kila mkazi. Katika miaka michache vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Fedha iliyoongezwa ilikuwa ndogo. Kilichobadilika zaidi ni kwamba wapangaji walijua hasara iko wapi. Nyumba nayo ni halmashauri ndogo. Kabla hujaamua kubana, ujue kwanza fedha inavujia wapi. Ninaomba kila kaya inunue daftari moja na kuandika kila shilingi inayotoka kwa mwezi mmoja, baba na mama wakiandika pamoja. Asiyejua kuandika, mtoto wa darasa la nne atamwandikia, naye atajifunza hesabu za maisha.

Mahali fedha inapovujia

Kwanza, vipimo vidogo. Tuseme kilo ya sukari dukani ni shilingi 3,000. Mama anayenunua vifungu vya shilingi 500, kila kimoja kikiwa na gramu 140, atanunua saba na kulipa shilingi 3,500, na bado kilo haijatimia. Kama nyumba inatumia kilo moja kwa wiki, ziada hiyo ni shilingi 26,000 kwa mwaka. Na hiyo ni sukari peke yake. Mafuta, sabuni na mkaa bado hatujavigusa. Mama huyu si mjinga. Ananunua kidogo kwa sababu mkononi ana kidogo. Dawa yake ni kaya tano au sita za jirani kuchangishana, kununua kwa jumla mara moja kwa mwezi na kugawana kwa mizani. Kazi hii inaweza kuanza wiki hii bila mradi wowote.

Pili, sherehe. Hapa naomba tusinyoosheane vidole. Mila za jando na unyago ni za wenyeji wetu na tunaziheshimu. Ngoma huchezwa baada ya mavuno kwa sababu ndipo chakula na fedha vinapokuwepo. Lakini sisi Wakristo nasi tuna harusi zenye kamati na kadi za michango, na tuna kipaimara, ambacho sharika nyingi hukifanya mwishoni mwa mwaka, wiki chache tu kabla ya shule kufunguliwa! Mtoto anakula keki Desemba, Januari hana daftari. Napendekeza wazee wa Kanisa mkubaliane sherehe ya kipaimara iwe moja ya usharika mzima, kwa chakula cha pamoja. Mkikubaliana wote, hakuna mzazi atakayeonekana bahili. Na ndugu zetu wenye ngoma, mzungumze wenyewe kuhusu sare na matunzo, kwa namna mnayoona inafaa.

Tatu, ugonjwa. Chandarua kinachotundikwa kila usiku ni akiba, kwa sababu malaria moja ya mtoto inakula nauli, dawa na siku za kazi. Sera ya nchi inasema watoto wa chini ya miaka mitano na akina mama wajawazito wahudumiwe bila malipo katika vituo vya umma. Tuijue haki hiyo. Kwa wengine kuna bima. CHF iliyoboreshwa ilianza kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ulizeni kituoni kiwango na utaratibu wa sasa, mkaulize msimu wa kuuza, fedha ikiwa bado mkononi.

Fungu la tano

Sasa tuivushe fedha. Habari za Yusufu kule Misri tunazijua sote, wasomao Biblia na wasomao Kurani. Biblia inaeleza kwamba katika miaka saba ya neema alishauri sehemu ya tano ya mavuno ihifadhiwe. Hakungoja njaa ionekane. Nasi tukiuza ufuta au korosho, tutenge fungu la tano siku ile ile, kabla ya deni, kabla ya bati, kabla ya redio. Aliyepata shilingi 300,000 atenge 60,000, na fungu hilo lipewe jina la mtoto. Fedha yenye jina la mtoto ni ngumu kuichota.

Iwekwe wapi? Malipo ya mnada yanapopitia chama cha msingi na kuingia benki, usitoe yote. Asiye na akaunti atumie kikundi. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba na nyumba katika wilaya zetu za Rufiji na Kibiti, na fedha iliyofichwa chini ya kitanda haiwezi kukimbia maji.

Vikundi vya VICOBA na vya hisa mnavifahamu: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hesabu mbele ya wanachama wote. Wanachama 20 wakiweka shilingi 2,000 kila wiki kwa wiki 24, kuanzia Julai hadi Desemba, ni shilingi 960,000, yaani 48,000 kwa kila mmoja kabla ya faida. Naomba mambo mawili. La kwanza, msajili vikundi vyenu kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka, ili mkidhulumiwa muwe na pa kusemea. La pili, msivunje kikundi kabla ya Krismasi. Nunueni sare na madaftari kwa pamoja Novemba, fundi akiwa hajaelemewa, kisha fedha iliyobaki igawanywe wiki shule zinapofunguliwa.

Kwa kamati na wafadhili

Wajumbe wa kamati, naomba kila usharika uchague watu wawili, mwanamke na mwanaume, watakaopitia madaftari ya kaya zilizo tayari. Orodha ya watoto wasio na sare tuijue Oktoba, tusingoje mwalimu atuletee Januari.

Wafadhili wetu, tunawashukuru. Mafuriko yalipokuja, msaada wa haraka ulikuwa wa lazima, na yakija tena tutauomba tena. Yatima, wajane na wazee wanaolea wajukuu nao wataendelea kuhitaji mkono wetu, kwa sababu huwezi kutenga fungu la tano la fedha usiyoipata. Lakini kwa mzazi mwenye shamba, sanduku la kikundi, mizani na mafunzo ya kutunza hesabu vitamfaa kuliko sare anayopewa kila mwaka. Sare huchakaa kwa mwaka mmoja. Mzazi aliyetoka katika kangomba huuza mazao yake yote kwa bei ya mnada.

Wahenga walisema akiba haiozi. Msimu ujao wa ufuta tuanze na fungu la tano, na Januari tuhesabu watoto waliofika shuleni siku ya kwanza.