Kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi

Mtoto akirudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi, mhudumu wa afya anaweza kumfuatilia kwa simu. Lakini simu haioni kifua. Macho ni yako wewe mzazi.

Atakachouliza kwanza ni pumzi ngapi. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue nguo, tazama tumbo: kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Nusu dakika hudanganya, kwani watoto hupumua bila mpangilio. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, huenda ni nimonia. Usingoje kupigiwa, piga wewe, utaje namba yenyewe. “Anahemahema” haimsaidii mhudumu.

Kifua kikibonyea ndani upande wa chini anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, au akipata degedege, achana na simu. Mpeleke kituoni, hata usiku. Mchanga wa chini ya miezi 2 mpeleke pia, asifuatiliwe kwa simu.

Na kwa kuwa chaji ni shida kambini, mwachie mhudumu namba ya jirani pia.