MWISHO WA JUMA KATIKA GHUBA YA KASANGA

(Hotuba iliyotolewa Majengo, Sumbawanga, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiomba nizungumze, alinionya nisilete habari za ofisini, kwa sababu mkutano uliopita mlisikiliza mambo ya bajeti mpaka wali ukapoa. Nimetii. Leo nitazungumza juu ya mapumziko: Jumamosi, Jumapili, chakula na matembezi.

Naanza na swali kwa vijana. Wangapi kati yenu mmekwisha kuliona Ziwa Tanganyika kwa macho yenu? Nyosheni mikono. Naona mikono michache, na mingi ni ya watoto wa Kasanga, Kirando na Kipili. Wakati wetu ilikuwa hivyo hivyo. Tulijua kwa moyo kwamba ziwa hilo ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, kwamba kina chake kinafika meta 1,470, na kwamba nchi nne zinaligawana. Tuliyaandika hayo kwenye mtihani tukapata alama. Lakini wengi wetu tulimaliza shule bila kuchovya mguu ndani yake, na kutoka hapa Majengo hadi Kasanga ni kama kilometa 112 tu.

Sisi huku tunaishi juu, kiasi cha meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko meta 770 hivi. Kwa hiyo safari ya Kasanga ni safari ya kuteremka zaidi ya meta 1,000. Unaondoka hapa mwezi wa Juni umevaa sweta na koti, unapita Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, na ukianza kuteremka unavua koti. Ukifika chini unavua na sweta. Hewa ni nyingine, miti ni mingine, na ugali nao ni mwingine: huku ni wa ulezi na mahindi, kule ni wa muhogo.

Mimi safari yangu ya kwanza niliifanya kwa wizi. Walimu wanisamehe, mambo haya yamepita. Ilikuwa mwaka 1997, wakati wa kiangazi, nami nilikuwa kidato cha tatu. Tulikuwa watatu. Tulisikia kwamba Liemba ingefika Kasanga, tukataka kuiona. Vijana wa leo huenda hawaijui vizuri habari ya meli hiyo. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikaingia majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isichukuliwe na adui. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari upya kwa jina la Liemba. Mwalimu wetu wa historia alitusimulia hayo kwa namna ambayo kijana wa miaka 16 hawezi kukaa bwenini akatulia.

Tukaomba ruhusa kwenda kumwona mgonjwa. Mgonjwa hakuwapo. Tukadandia lori lililokuwa linakwenda kuchukua dagaa. Barabara ilikuwa ya vumbi, tukafika alasiri tukiwa wekundu kama matofali. Meli haikuja siku ile wala usiku ule. Tukaona kwamba safari isiende bure, angalau tuogelee.

Mimi nilijifunza kuogelea kwenye kijito cha huku juu, mahali ambapo maji yakikushinda unasimama. Nikadhani ziwa ni kijito kikubwa. Nilikwenda hatua chache, mchanga ukaisha chini ya miguu yangu. Nakumbuka kuyaona maji ya kijani juu ya kichwa changu, tena ni mazuri mno. Baada ya hapo nakumbuka mkono ukinishika shingoni. Alikuwa mvuvi aliyekuwa akishona nyavu pale ufukoni. Aliacha kazi yake, akaingia majini na nguo zake zote.

Jioni ile mkewe alitupikia ugali wa muhogo na migebuka ya kuchoma. Tulilala kwao mkekani. Asubuhi alitutafutia lori. Tulimwambia hatuna fedha, akajibu, “Wanangu, nani amewadai? Nendeni mkasome.” Tuliporudi shuleni tulichimba shimo la taka kwa wiki nzima, na adhabu hiyo tulistahili.

Ndugu Mwenyekiti, leo mtoto wa shule hana haja ya kudandia lori. Njia ya Kasanga imewekwa lami. Mtu akitoka hapa Jumamosi alfajiri, anaweza kupitia kwanza Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwetu na Zambia. Maji yanaanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya meta 200. Ukisimama pale unaona ndege wakubwa, korongo mfuko shingo, wakiruka chini yako badala ya juu yako. Juu ya maporomoko hayo mtaalamu Desmond Clark alianza kuchimba mabaki ya kale katika miaka ya 1950. Mwaka 2023 wataalamu wengine walitangaza kwamba magogo mawili yaliyopatikana huko, yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, yana umri wa miaka 476,000 hivi. Useremala huo ni wa kale kuliko binadamu wa aina yetu. Mambo hayo yako jirani na madawati yenu.

Kutoka Kalambo unateremka Kasanga. Wajerumani walijenga boma hapo wakapaita Bismarckburg, nao Waingereza wakaliteka mwaka 1916. Mwenye siku moja zaidi na aende siku nyingine upande wa kaskazini, apite Namanyere mpaka Kipili, aone visiwa vya Lupita na Ulwile. Maji ya huko ni maangavu, na kando ya mawe huonekana samaki wadogo wa rangi za kila namna. Wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Na chakula? Mgebuka mbichi wa kuchoma, au kuhe wa chukuchuku kwa nyanya, kitunguu, chumvi na limau, usiongeze kitu kingine. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa sababu huifuata taa. Zamani zilikuwa karabai. Ukilala Kasanga usiku usio na mbalamwezi, utaona taa zimetanda ziwani kama mji. Asubuhi akina mama wanawaanika. Nunua kwao hapo hapo.

Nimesema sitazungumzia ofisi, lakini hapa sina budi kuigusa kidogo, kwani kuna jambo ambalo lazima nilikiri mbele yenu.

Samaki wa ziwa lile wamepungua. Nyavu za macho madogo zinachukua watoto pamoja na wazazi. Tena, mwaka 2003 wanasayansi walieleza kwamba maji ya juu yanazidi kupata joto, na kwa hiyo hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba. Upepo wa kusi, unaovuma kati ya Mei na Septemba, ndio unaosaidia kuipandisha rutuba hiyo upande wetu huu wa kusini. Kwa ajili ya kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana na kukua, Serikali yetu ilifunga uvuvi ziwani tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, mwaka 2024, kwa makubaliano na nchi jirani.

Mwezi wa Juni mwaka huo nilikuwa miongoni mwa watumishi waliotumwa kuwaelimisha wananchi wa mwambao. Nilisema vizuri, watu wakapiga makofi. Lakini kabla ya mkutano nilikuwa nimemwambia kijana mmoja anitafutie migebuka, kwa sababu Jumapili nilialika wageni nyumbani. Aliipata. Ndoo ilikuwa ndani ya gari, imefunikwa kwa gunia, wakati mimi nasimama kuhubiri.

Baada ya mkutano niliulizia habari za mzee aliyepata kumwokoa mwanafunzi mwaka 1997. Miaka 27 ilikuwa imepita, na sikuwahi kurudi hata kusema ahsante. Nilipelekwa kwake. Nikamwamkia, nikajieleza. Akanitazama kwa muda, akasema, “Wanafunzi niliowatoa majini ni wengi, mwanangu. Wewe ni yupi?”

Alinikaribisha chakula. Kililetwa ugali wa muhogo na maharage. Nyavu zake zilikuwa zimetundikwa ukutani, kavu kabisa. Akacheka, akasema, “Haya ni maharage yenu ya Ufipa. Mmetufungia ziwa, basi mtulishe.” Nikamwuliza kama anakubaliana na kufungwa kwa ziwa. Akajibu, “Nikilala njaa miezi mitatu, na wajukuu wangu wakavua, nakubali. Lakini nikilala njaa mimi, na mwingine anakula, hapo ndipo nitakapokataa.”

Ndugu zangu, maharage yale yalinikaa kooni. Mtu aliyeniokoa alikuwa akitii tangazo nililolileta mimi, na samaki walikuwa ndani ya gari langu. Nilimweleza. Hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema tu, “Unajua pa kuwapeleka.” Niliichukua ile ndoo hadi kwa afisa uvuvi, nikaandika maelezo ya kosa langu kwa mkono wangu mwenyewe. Jumapili wageni wangu walikula kuku.

Basi, ndugu Mwenyekiti, nina mapendekezo matatu.

La kwanza. Chama chetu kigharimie safari moja kila mwaka ya wanafunzi wa kidato cha tatu, Jumamosi Kalambo na Jumapili Kasanga, wakiwa na walimu wao. Naahidi nauli ya wanafunzi kumi kutoka mfukoni mwangu. Afadhali waende mchana kwa basi kuliko waende kwa wizi kama tulivyokwenda sisi.

La pili. Asiingie mtu majini kabla ya kuwauliza wenyeji. Wao wanajua mchanga unaishia wapi na mamba wanapita wapi. Na kama shule inaweza, vijana wafundishwe kuogelea.

La tatu linatuhusu sisi wenye mishahara. Ziwa likifungwa, na sisi tufunge vinywa. Tunaokula kwa mlango wa nyuma ndio tunaowavunja moyo watu waaminifu waliotundika nyavu zao. Huku juu hatukosi chakula: tuna ulezi, tuna maharage, tuna kuku. Tungoje. Mgebuka wa Agosti ni mtamu kuliko wa Juni, maana unamla huku umeinua uso.

Mzee yule alinituma ujumbe, nami naufikisha. Alisema, “Waambie wanafunzi waje. Ila safari hii waje na ruhusa.”