KISU CHA KUKUNJA: TUNUNUE KIPI?

(Mazungumzo ya Katibu wa Tawi mbele ya wanachama wa ushirika, Kwedizinga. Waliohitimu kisomo wawasomee wenzao.)



Kamati ya duka imetuomba tuseme machache juu ya visu vya kukunja kabla haijaagiza, kwa sababu fedha ni zenu na zikishatoka hazirudi. Siku hizi visu viko vya kila namna. Vinang'aa, vina rangi, vingine vina hadi kifungulia chupa. Sisi tunauliza jambo moja tu: kikishaingia mchanga, tope na maji ya mkonge, kitafunguka? Na kikifunguka, kitakaa wazi au kitajikunjia vidoleni?

Si swali dogo hilo, jamani. Ndama akijinyonga kwa kamba usiku wa mvua, nani ana nafasi ya kutafuta koleo la kukivutia kisu kifunguke?

Tuanze na mkonge, maana wengi wetu twaujua. Tangu Dakta Richard Hindorf alipouleta nchini mwaka 1893 ni miaka mingi, lakini mkata mkonge hajaacha kisu kirefu cha kipande kimoja. Anakata, anafunga mzigo wa majani 30, anaendelea. Sababu yake ni hii: kilo 100 za majani hutoa nyuzi kavu kama kilo 4 tu, zilizobaki ni maji na nyama ya jani. Maji hayo yana asidi, yanawasha ngozi na yanakula chuma. Kisu cha kipande kimoja unakifuta kwa nyasi, kwisha. Cha kukunja kina bawaba, na bawaba ni nyumba ya uchafu. Kwa hiyo kwenye mkonge, na kwenye kuchinja vilevile, cha kukunja kisitumike. Damu ikikauka ndani ya bawaba huifikii hata kwa mwiba. Kisu cha kukunja ni cha mfukoni, au cha kwenye pindo la kanga: kukata kamba, kufungua gunia, kumenya chungwa.

Sasa tunachaguaje? Kwanza kishike usawa wa macho, ukielekeze kwenye mwanga. Mgongo wa mpini ukiwa wazi, mwanga ukapita katikati, mchanga nao utapita, na ukikisukutua ndani ya ndoo uchafu unatoka. Ukiwa umezibwa kote, kinachoingia kinakaa humo.

Pili ni kufuli, na hapa ndipo watu wanapoumia. Kile cha kubonyeza kikafyatuka chenyewe tukiache kabisa. Springi yake ndogo ikipata vumbi la kiangazi imekwisha. Chenye ulimi wa bati ndani ya mpini kinafaa kikiwa safi, lakini tope likikaa chini ya ulimi haufiki mahali pake. Wewe unadhani kimefunga, kumbe hakijafunga. Cha kufuli la mgongoni ni hivyohivyo: pengo lake likijaa taka, jino halizami.

Kipo cha pete ya kuzungusha, alichokianzisha fundi Joseph Opinel huko Ufaransa mwaka 1890, na pete ikaongezwa mwaka 1955. Pete unaiona kwa macho kama imefunga, na hilo tunalipenda. Ila mpini wake ni wa mti. Masika ukilowa unavimba, kisu kinang'ang'ania ndani. Anayekichunga ng'ombe mvuani asikichukue. Kwetu sisi, cha springi nene ya mgongoni kisicho na kufuli, chenye mpini usionywa maji, kinatosha kwa kazi nyingi, mradi mtu akumbuke hakina kufuli na asikitumie kuchokonoa.

Juu ya chuma: chuma cha kawaida kinanoleka upesi kwa jiwe, lakini maji ya mkonge na ya ndimu yanakitia kutu usiku mmoja. Chuma cha pua kinavumilia zaidi, ila kunoa kwake ni kazi. Kuna wanaopima kwa sumaku, ati kikishikwa si cha pua. Si kweli. Chuma cha pua cha visu vingi hushikwa na sumaku.

Mafuta nayo. Wengi wanadhani yakiwa mengi ndiyo vizuri. Grisi ikichanganyika na mchanga inakuwa kama msasa, inakula bawaba. Mafuta ya kupikia yakikaa yanaganda kama ulimbo. Osha kwa maji na sabuni, kausha juani, tia tone moja la mafuta ya cherehani, futa. Na ukijikata kwa kisu chenye udongo au samadi, osha kidonda, nenda zahanati, usingoje kesho. Pepopunda iko humo humo udongoni.

Muuzaji akileta sampuli, kamati isikubali kuzitazama mezani tu. Kila kisu kizikwe mchangani, kilowekwe, kisha kifunguliwe mara kumi kwa mkono wenye tope. Kikiwa wazi, mgongo wa makali ugongwe polepole kwenye ubao, vidole vikiwa mbali, tuone kama kitajikunja. Kisichofunguka kirudi na mwenyewe. Beseni la mchanga na ndoo ya maji tumekwisha viweka stoo.