Gharama ya Kumtunza Mzee Nyumbani: Nani Anayelipa Gehandu?



Katika nchi za Ulaya na Marekani, familia nyingi huwalipia wazee wao katika nyumba maalumu za kuwatunza. Sisi hapa Gehandu hatuna nyumba za namna hiyo. Makazi ya Serikali yaliyo mkoani kwetu, ya Sarame, Magugu, wilayani Babati, ni ya mzee asiye na ndugu wala uwezo. Mwenye watoto anatunzwa nyumbani, na ndivyo inavyostahili. Ninachopinga ni imani kwamba matunzo ya nyumbani ni ya bure.

Tumchukue mama aliyepooza upande mmoja kwa sababu ya presha. Mara nyingi anabaki na kijana wake wa mwisho, na anayemhudumia ni mke wa kijana huyo. Mkamwana huyu anamgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asipate vidonda vya mgongoni na nyongani. Anamwinua kichwa na kumnywesha uji kijiko kwa kijiko, taratibu, asije akapaliwa. Mashuka yanafuliwa kila siku, kwa hiyo maji yaliyokuwa yakitosha kaya nzima hayatoshi tena. Msimu wa kupalilia mahindi ukifika, ama palizi inachelewa, ama anatafutwa kibarua wa kulipwa. Zote hizo ni fedha, ila hakuna anayeziandika.

Tunachokihesabu ni ng'ombe. Mgonjwa akizidiwa, gari linakodiwa kwenda hospitali ya Haydom au ya Katesh, na ng'ombe anaswagwa mnadani. Mchuuzi akishajua una mgonjwa, bei anaipanga yeye. Ikiwa ni kiangazi na mnyama amekonda, ndiyo hasara juu ya hasara.

Msaada wa Serikali upo, ila tuijue mipaka yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo anapaswa kutibiwa bila malipo. Lakini lazima kwanza atambuliwe kijijini na apewe kitambulisho. Tulifanye hilo mzee angali anatembea. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliwekewa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Haukulipia nepi za watu wazima wala siku za kazi za anayeuguza. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, unazifikia kaya maskini tu, na pensheni za mifuko ya NSSF na PSSSF ni za waliochangia. Wakulima wengi wa Gehandu hawamo.

Zanzibar walithubutu. Tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na kuendelea analipwa pensheni jamii, iliyoanza na shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Naomba semina hii imtume diwani wetu alisemee jambo hilo kwa ajili ya Bara.

Wakati tukisubiri, kila ukoo ukae kikao kabla ya ugonjwa kuingia. Watoto sita wakichanga shilingi 10,000 kila mwezi, kwa mwaka ni 720,000. Aliyeko Arusha au Dar es Salaam atume kwa simu. Asiye na fedha achangie kazi, achote maji au ashike zamu ya usiku. Mabinti walioolewa huchanga pia, basi na waitwe kikaoni. Mzee mwenyewe aulizwe, kwa sababu mifugo na shamba ni vyake. Tumezoea kuwekeana ng'ombe: mtu anamlisha mnyama wa mwenzake, ananufaika na maziwa, na makubaliano yanaheshimiwa miaka na miaka. Kwa uaminifu huohuo tunaweza kutunza daftari la mzee.

Katika daftari hilo, fungu la kwanza liwe la mkamwana: posho yake ya kila mwezi, na kibarua wa kumpalilia shamba. Dawa na nauli zifuate. Mkamwana akiugua, mzee hana mtu.