Upasuaji wa Kupunguza Uzito Hauishii Mlangoni mwa Wodi



Zamani kitambi kilikuwa cheo. Mtumishi aliyerudi kijijini kwa likizo akiwa amenenepa alisifiwa kwamba kazi imemkubali, na aliyerudi akiwa mwembamba aliulizwa kwa sauti ya chini kama anaugua. Mawazo hayo hayajatoweka kabisa, lakini hesabu za afya zimeyapita. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2022 watu wazima wapatao milioni 890 walikuwa na unene uliopindukia, yaani asilimia 16 ya watu wazima wote ulimwenguni. Pamoja na unene huo huja kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na maumivu ya magoti, na si jambo la kushangaza kwamba watu wengi zaidi sasa wanakimbilia kisu cha daktari.

Hapana budi ieleweke tangu mwanzo kwamba upasuaji huo si anasa, wala si hila ya mtu mvivu. Nchini Sweden watu 4,047 wenye unene mkubwa walianza kufuatiliwa kuanzia mwaka 1987, nusu yao wakiwa wamepasuliwa na nusu nyingine wakitibiwa kwa njia za kawaida. Taarifa iliyotolewa mwaka 2007 ilionyesha kwamba, baada ya wastani wa karibu miaka 11, walikuwa wamekufa 129 katika kundi lisilopasuliwa na 101 katika kundi lililopasuliwa. Tofauti hiyo ni ya uhai wa watu, na mwenye kuidharau hana hoja. Lakini faida ile iliwafikia watu waliokuwa wakiitwa, wakipimwa na kuulizwa maswali mwaka hadi mwaka. Nusu hii ya pili ya tiba ndiyo inayosahauliwa.

Upasuaji unaofanywa zaidi siku hizi ni wa aina mbili. Katika aina ya kwanza sehemu kubwa ya mfuko wa chakula hukatwa na kutolewa nje ya mwili, na kinachobaki huwa bomba jembamba lenye umbo kama la ndizi. Katika aina ya pili mfuko wa chakula hugawanywa, kikabaki kifuko kidogo kisichozidi yai, nacho huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo kwamba chakula huruka sehemu ya njia yake ya asili. Aina hii ya pili ilibuniwa na Dakta Edward Mason na mwenzake Chikashi Ito katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, katika miaka ya 1960. Wakati huohuo kulikuwa na upasuaji mwingine wa kurusha karibu utumbo mwembamba wote. Wagonjwa wake walipungua sana, na kwa muda madaktari walifurahi. Baadaye maini yakaanza kuharibika, figo zikajaa mawe na viungo vikauma, na upasuaji huo ukaachwa. Yaliyowapata watu wale hayakuonekana mezani pa upasuaji. Yalionekana miezi na miaka baadaye.

Upasuaji wa siku hizi ni salama zaidi. Uchunguzi wa wagonjwa 4,776 wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba waliokufa katika siku 30 za kwanza walikuwa asilimia 0.3, na waliopatwa na madhara makubwa walikuwa asilimia 4.3. Hata hivyo wastani huficha mengi. Mwaka 2013 madaktari wa jimbo la Michigan walitoa taarifa ya jaribio lisilo la kawaida: madaktari wapasuaji 20 walipigwa filamu wakifanya kazi, kisha wenzao wakawapa alama za ustadi bila kujua filamu ni ya nani. Wagonjwa wa waliopata alama za chini kabisa walipatwa na madhara kwa asilimia 14.5, na wagonjwa wa waliopata alama za juu kabisa kwa asilimia 5.2. Kwa hiyo mtu anayeuliza kama upasuaji huu ni salama ameuliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni: mikononi mwa nani, na nani atakayemwangalia baadaye?

Mgonjwa aliyepasuliwa kwa matundu madogo huweza kuruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku moja au chache. Maana yake ni kwamba hatari za mwanzo humkuta akiwa amekwisha kutoka wodini, na watakaoziona kwanza ni mke, mume, mtoto au jirani. Ya kwanza kuogopwa ni kuvuja kwa mshono wa tumbo. Mtu mnene tumbo lake haliwi gumu upesi kama la mtu mwembamba, na homa huweza kuchelewa. Dalili ambayo mara nyingi hutangulia ni moyo kwenda mbio. Mapigo yanayozidi 120 kwa dakika na yasiyotulia mgonjwa akiwa amepumzika, hasa pamoja na maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto, pumzi fupi, au hofu asiyoweza kuieleza, hayo si ya kusubiri asubuhi. Ni ya kurudi hospitali usiku huohuo. Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha michezo anajua kuhesabu mapigo kwa saa ya mkononi. Ujuzi huo mdogo unaweza kuokoa mtu.

Hatari ya pili ni damu kuganda katika mishipa ya miguu kisha kukimbilia mapafuni. Mguu mmoja unaovimba na kuuma, kifua kinachochoma, kukosa pumzi kwa ghafla, ndizo dalili zake. Ndiyo sababu wauguzi humwamsha mgonjwa atembee akiwa bado analalamika, na ndugu wanaomhurumia na kumwambia aendelee kulala wanamdhuru bila kujua. Kutapika damu, kunya choo cheusi kama lami, au kushindwa kabisa kumeza maji ni mambo mengine yasiyongoja.

Mgonjwa wa kisukari aliyekuwa akichoma insulini hana budi apangiwe dozi upya mapema, kwa kuwa sukari yake huweza kushuka ndani ya siku chache tu. Anayeendelea na dozi ya zamani kwa utiifu anaweza kuanguka na kuzimia. Dawa za shinikizo la damu nazo zaangaliwa vivyo hivyo.

Baada ya hapo huja kipindi cha sifa. Nguo zinapwaya, watu wanashangaa, mhusika anapanda ngazi za ofisi bila kusimama. Katika kipindi hicho cha furaha wengi huacha kwenda kupimwa, na hapo ndipo hatari za kimyakimya huingia.

Mwili uliopasuliwa namna hii hauwezi tena kupata kila kitu kutoka katika chakula. Madini ya chuma hupungua, hasa kwa wanawake, na upungufu wa damu hufuata. Vitamini B12 huisha polepole, kwa kuwa ini lilikuwa na akiba yake. Yaweza kupita miaka kabla ganzi ya miguu na usahaulifu havijaanza, na ganzi hiyo ikikaa sana huenda isiondoke tena. Kalsiamu na vitamini D zikipungua mifupa hudhoofika. Kwa sababu hiyo vidonge vya vitamini na madini humezwa maisha yote, na damu hupimwa mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, kisha angalau mara moja kila mwaka. Maisha yote maana yake ni maisha yote, hata baada ya kustaafu.

Upungufu mmoja hausubiri miaka, nao ni wa vitamini B1. Mtu akitapika mfululizo kwa wiki mbili au tatu baada ya upasuaji, akiba yake ya vitamini hiyo huisha. Huanza kuyumba anapotembea, macho yake hucheza au huona vitu viwili viwili, na fikra huchanganyikiwa. Sasa na afikiriwe mtumishi aliyepasuliwa mji wa mbali, akafikishwa na majirani katika kituo cha afya cha wilaya akiwa katika hali hiyo. Mganga anaona mtu aliyekauka maji, na kwa nia njema anatundika dripu ya maji ya sukari. Sukari hiyo ikiingia kabla ya vitamini B1 huweza kumaliza kiasi kidogo kilichobaki, na ubongo ukapata madhara yasiyoponyeka. Sindano ya vitamini B1 ni dawa ya bei ndogo. Lakini mganga hawezi kuikumbuka asipoambiwa kwamba mgonjwa huyu alipasuliwa tumbo ili apunguze uzito.

Na mara nyingi haambiwi. Mtu aliyepasuliwa huogopa maneno. Ataambiwa kwamba alishindwa kufunga mdomo, kwamba amenunua wembamba kwa fedha. Basi huwaambia wenzake ofisini kwamba amekwenda kutibiwa ngiri, au kwamba siku hizi anakula mboga tu. Hata mwenzi wa ndoa pengine hajui ni upasuaji wa aina gani. Siri hiyo huwa nyepesi mpaka siku mwenye nayo anapoletwa hospitali hawezi kusema. Kejeli za barazani na za chumba cha walimu, zinazoonekana kuwa mzaha mtupu, zina sehemu yake katika madhara hayo.

Siri hiyo ina hasara nyingine za kila siku. Akiumwa mgongo, mtu huyu hununua dukani diklofenaki au aibuprofeni kama watu wengine. Kwa aliyeunganishwa tumbo na utumbo, dawa hizo huweza kuchimba kidonda penye kiungo, na kidonda hicho huweza kutoboka. Sigara huzidisha hatari hiyo. Pombe nayo humlewesha upesi zaidi kuliko zamani, kwa kuwa haikai tumboni. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2012, uliohusu watu 1,945, ulionyesha kwamba wenye matatizo ya ulevi walikuwa asilimia 7.6 kabla ya upasuaji na asilimia 9.6 katika mwaka wa pili baada yake. Mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango huenda asivitegemee tena kama mwanzo, na uzazi wenyewe hurejea kwa nguvu uzito unaposhuka. Madaktari hushauri mimba ingoje mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu.

Yapo pia maumivu yanayokuja na kuondoka, pengine baada ya miaka miwili au mitatu, mtu akiwa amekwisha kupungua sana. Mafuta ya ndani yanapoisha, nafasi hufunguka kati ya mikunjo ya utumbo, na utumbo huweza kupenya humo na kujinyonga. Picha ya kawaida ya eksirei huweza isionyeshe kitu. Mgonjwa hupewa dawa ya vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani, na utumbo ukaoza. Maumivu makali ya tumbo kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kuunganisha utumbo ni jambo la daktari mpasuaji. Mawe ya nyongo nayo huwapata wengi wanaopungua kwa kasi, lakini hayo yanajulikana zaidi na hutibika.

Inafaa kusemwa neno juu ya wanaosafiri ng'ambo kutafuta bei nafuu. Mwezi Januari 2019 idara ya Marekani ya kuzuia magonjwa iliwatahadharisha raia wake waliokwenda kupasuliwa katika mji wa Tijuana, Mexico. Baadhi yao walirudi na vijidudu visivyosikia takriban dawa zote za antibiotiki, na wengi wao walikuwa wamekwenda kupunguza uzito. Kusafiri kwenyewe si kosa. Hospitali nzuri zipo katika nchi nyingi. Kosa ni kununua tiket ya kwenda na kurudi, na kutonunua miaka ya kuangaliwa. Bei inayotangazwa huwa ya kisu na kitanda. Haina vipimo vya damu vya mwaka wa tano.

Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili huko Mloganzila ilianza mwaka 2022 kutoa huduma ya kuweka puto tumboni. Puto si upasuaji, nalo hutolewa baada ya miezi iliyopangwa. Lakini sharti ni lilelile: tarehe ya kulitoa isisahauliwe, na kutapika kusikokoma au maumivu makali yarudishwe kwa waliolitia.

Wakuu wa shule na wakuu wa idara wanayo sehemu ya kufanya, nayo haihitaji fungu jipya la fedha. Ruhusa ya kwenda kupimwa isihesabiwe kuwa utoro kwa sababu tu mhusika anaonekana mzima. Mkuu asidai kujua ugonjwa wa mtu, wala asiuzungumze akiujua. Pakiwa na chakula cha pamoja, anayekula vijiko vitano na kuweka sahani chini aachwe kwa amani. Na akionekana mtumishi aliyekuwa mchangamfu anajitenga na kuzama katika huzuni baada ya kupungua, asidhaniwe kuwa na maringo. Mabadiliko hayo ya mwili hutikisa moyo pia, na daktari wake anapaswa kujua.

Mwenye kupasuliwa naye atoke hospitali na karatasi, si maneno matupu. Iandikwe aina ya upasuaji kwa jina lake kamili, tarehe, hospitali, jina la daktari na namba ya simu, dawa zisizofaa kutumiwa, vitamini anazotumia, na kwa herufi kubwa: VITAMINI B1 KABLA YA DRIPU YA SUKARI. Nakala moja ikae katika mkoba wake pamoja na kitambulisho. Ya pili iwe katika jalada lake la hospitali ya karibu na anapoishi. Ya tatu apewe mtu mmoja wa nyumbani anayejua kusoma na anayejua kunyamaza.